SIMU YA UPEPO: NANI APITE KWANZA?

Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike jambo la historia litakalowafaa wazee waliopita katika shule hii pamoja na vijana walio madarasani leo. Nimechagua simu. Najua kijana wa Kidato cha Pili atacheka, kwani kwake simu haina historia kuliko viatu vyake. Lakini katika kazi ya simu lipo swali kuukuu ambalo mafundi wamekuwa wakilijibu kwa zaidi ya miaka 150, na jawabu lake limebadilika kila kizazi. Swali lenyewe ni hili: watu wengi wakitaka kupita katika njia moja kwa wakati mmoja, nani apite kwanza?

Zamani swali hilo lilijibiwa na mtu aliyekaa kitini mbele ya ubao wa waya. Leo hujibiwa na jedwali dogo la namba ndani ya chombo, lililoandikwa na fundi ambaye hutamjua jina. Naona yafaa sana watu wa Mhunze na Kishapu nzima walifahamu jedwali hilo, kwa sababu sisi tuko mwisho wa njia. Mjini njia moja ikijaa kuna nyingine; kwetu ikijaa, imejaa.

Nitatumia neno "simu ya upepo" ingawa vijana hawalitumii tena. Wazee waliliita hivyo kila jambo lililotumwa hewani bila waya. Nalipenda neno hili kwa kuwa linasema kweli. Waya ukijaa waweza kuvuta mwingine kando yake, bali upepo ni mmoja kwa wote, na masafa yaliyomo ndani yake hayazai.

ENZI ZA OPERETA

Tuanze na waya, maana adabu ya foleni ilianzia huko. Tarehe 17 Mei 1865 mataifa 20 ya Ulaya yalitia sahihi mjini Paris mapatano ya kwanza ya simu za maandishi. Humo yaliandika kwamba simu ya Serikali itangulie, ifuate ya shughuli za idara ya simu yenyewe, na ya raia ije mwisho. Utaratibu wa namna hiyo ukaenea duniani pamoja na waya, hata makoloni yakaupokea. Karani wa simu hakuhitaji kufikiri sana: alitazama alama iliyo juu ya karatasi, akajua iende wapi katika rundo.

Huku kwetu reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga. Reli hiyo ni ya njia moja. Treni mbili zikikabiliana, moja hapana budi iingie katika njia ya pembeni ya stesheni ingoje, nayo kwa kawaida ni ya mizigo. Naomba msomaji aiweke picha hii akilini, kwani nitairudia: treni ya mizigo ni ndefu na nzito, lakini pamba haiwi mbaya kwa kungoja nusu saa.

Simu za sauti za mbali nazo zilikuwa na foleni yake. Enzi za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, enzi za Shirika la Posta na Simu Tanzania, mtu aliyetaka kusema na Dar es Salaam aliagiza simu kwa opereta kisha akangoja. Njia za kwenda mbali zilikuwa chache. Opereta aliyekuwa na orodha ya watu kumi na njia moja alikuwa hakimu, na wazee mnajua jinsi tulivyomsihi: "Dada, nina mgonjwa." Alikuwa anaweza kuamini au asiamini. Wapo walioinuliwa juu ya orodha kwa haki, na bila shaka wapo walioinuliwa kwa kujuana.

Dhana hiyo ya kujuana ndiyo iliyozaa mashine. Yasimuliwa kwamba Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City huko Marekani, alishuku opereta wa mji wake anawapeleka wateja wake kwa mshindani. Kwa hasira akabuni chombo cha kuunganisha simu bila opereta, akapata hataza yake mwaka 1891. Vyombo vya namna yake vilitumika duniani kote kwa miaka mingi. Mzika maiti alishinda: chombo hakikujua mtu wala kabila. Ila pia hakikuweza kuambiwa "nina mgonjwa." Aliyewahi alipata njia, aliyechelewa alipata mlio wa njia kujaa, awe na harusi au msiba.

USIKU WA TITANIC

Katika upepo mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu hapakuwa na ubao wala orodha. Kila mwenye chombo alisema alipotaka, na mwenye nguvu alimfunika mnyonge.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli iitwayo Californian ilisimama katikati ya barafu, na opereta wake, Cyril Evans, akaipasha habari Titanic iliyokuwa karibu. Opereta wa Titanic, Jack Phillips, alikuwa na rundo la salamu za abiria za kupeleka kituo cha Cape Race huko Kanada. Sauti ya jirani ilimwingilia kwa kishindo, naye akamjibu anyamaze, ana kazi. Evans akangoja kidogo, akazima chombo, akalala. Dakika chache baadaye Titanic iligonga mwamba wa barafu, na wito wake wa msaada haukusikiwa na meli iliyokuwa karibu. Walikufa watu zaidi ya 1,500.

Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha kiburi cha matajiri. Fundi wa simu hukisoma vingine. Salamu za abiria na onyo la barafu zilikuwa katika foleni moja, na hapakuwa na kitu chochote katika chombo kilicholazimisha onyo litangulie. Phillips alikuwa mfanyakazi hodari aliyekuwa akipunguza rundo.

Baada ya hapo sheria zilikazwa. Meli kubwa zikatakiwa kuwa na mtu wa kusikiliza usiku na mchana. Kisha ikaja kanuni ambayo mimi huiona nzuri kuliko zote za zama zile: katika masafa ya wito wa meli, kilohezi 500, kila nusu saa watu wote walinyamaza kwa dakika 3, ili mnyonge mwenye chombo kidogo aweze kusikika. Saa za ukutani katika vyumba vya redio zilipakwa rangi nyekundu mahali pa dakika hizo. Kipaumbele kilichorwa kwenye saa.

Desturi hiyo ya kunyamaza ilifika mpaka bara letu. Madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, waliunganisha hospitali za misheni za Afrika Mashariki kwa redio za masafa marefu. Anayekumbuka redio kol, iwe ya polisi, ya hospitali au ya ofisi ya mkoa, anakumbuka adabu yake: mmoja anasema, anamaliza kwa neno "ova," wengine wanangoja, na likitajwa neno "dharura" kila mtu hufunga mdomo. Hapakuwa na mashine ya kulazimisha. Palikuwa na aibu tu, na aibu ilifanya kazi vizuri kwa sababu wote walisikiana.

MNARA UNAPOJAA

Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994, na katika miaka ya 2000 minara ikasambaa mikoani. Wilaya ya Kishapu yenyewe ilimegwa kutoka Shinyanga Vijijini mwaka 2002, makao makuu yakiwa Mhunze. Kwa hiyo wilaya yetu na simu ya mkononi ni kama watu wa rika moja.

Mtambo wa mnara wa zama hizo, ule wa jiesiemu, unagawa wimbi moja la redio katika vipande 8 vya wakati, vinavyofuatana kwa kasi hata sikio lisijue. Kipande kimoja hutumika kwa kuitana na kupeana amri. Vinabaki 7. Basi mnara mdogo wenye wimbi moja uliweza kubeba watu 7 wanaozungumza. Wa nane aliambiwa mtandao una shughuli. Palikuwa na mbinu ya kukigawa kila kipande mara mbili, watu wakawa 14, ila sauti ikapungua ubora. Mwanafunzi atazame hesabu hiyo, kisha afikirie siku ya mnada.

Katika mpango huo sauti ilikuwa bwana. Ukishapata kipande ni chako mpaka ukate simu, hata ukinyamaza. Data ilipoletwa juu ya mitambo hiyo ilipewa vipande vilivyobaki, na mwendeshaji aliweza kupanga kwamba mtu akipiga simu, data inyang'anywe kipande mara moja. Huo ndio ulikuwa mfano kamili wa treni ya mizigo kuingia pembeni. Ujumbe mfupi ulipita katika njia ile ya kuitana, na ndiyo sababu mara nyingi ujumbe ulifika hali simu imekataa. M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, nayo ilitumia menyu zinazopita njia hiyo ndogo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba laini yako ina daraja. Ndani ya kila kadi ya simu kuna namba ya daraja la kuingia mtandaoni. Raia wa kawaida ana namba kati ya 0 na 9, na hugawiwa bila kujali cheo. Zipo namba nyingine, 11 mpaka 15, kwa ajili ya watu wa usalama, huduma za umma, huduma za dharura na wafanyakazi wa mtandao wenyewe. Mnara ukielemewa, mwendeshaji aweza kuamuru kwamba kwa muda huu wenye 0 hadi 4 wasijaribu, kisha awageukie wenye 5 hadi 9. Yule karani wa mwaka 1865 angeutambua mpango huu bila kuelezwa.

Bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilipopasuka Novemba 2022, hapa hapa Kishapu, tope likaingia mashambani na majumbani. Katika saa kama ile kila mwenye simu huinyanyua. Anayempigia shemeji kumweleza alichokiona na anayeita gari la kuokoa mzee wako mbele ya mnara mmoja.

SAUTI YAPOTEZA KITI CHAKE

Sasa nafika mahali penye uzito, nami naomba vijana wasichoke. Kwa karne nzima sauti ilikuwa na njia yake. Katika mitambo ya leo haina tena. Sauti hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na pakiti hizo hupita njia moja na picha, barua, mpira wa Ulaya na masasisho ya programu. (Pakiti nisemayo si kile kifurushi unachonunua dukani, yasichanganywe.)

Mpango wa pakiti katika upepo ulianzia Hawaii mwaka 1971, mtandao uitwao ALOHA, chini ya Norman Abramson. Kanuni yake ilikuwa rahisi kama ya watoto bombani: tuma unapotaka, mkigongana, kila mmoja angoje muda wa kubahatisha, ajaribu tena. Kwa barua inafaa sana. Mwaka 1974 Wamarekani wakajaribu kupitisha sauti katika mtandao wa pakiti, na tangu hapo tabu ikajulikana.

Tabu ni hii. Sauti na faili vina tabia mbili zilizo kinyume. Faili likipoteza herufi moja limeharibika, lakini likichelewa sekunde tano hakuna aliyekufa. Sauti yaweza kupoteza pakiti moja katika mia na sikio lisitambue, lakini ikichelewa mazungumzo huvunjika. Wataalamu wa shirika la kimataifa la mawasiliano wamependekeza kwamba toka mdomoni mpaka sikioni zisipite milisekunde 150. Wakubwa wanaokumbuka simu za ng'ambo za setilaiti, tangu kituo cha Longonot kule Kenya kilipofunguliwa mwaka 1970, wanaijua hali hiyo: setilaiti iko juu kama kilomita 36,000, na kwenda na kurudi kwa neno hula robo ya sekunde. Kwa Msukuma ni balaa, maana salamu zetu ni ndefu. Unasema "Mwangaluka," kimya, unafikiri hakusikia, unasema tena, na hapo ndipo "Mwangaluka" yake inagongana na yako ya pili.

Lakini setilaiti haihitajiki ili kuchelewesha sauti, foleni yatosha. Kidato cha Pili wafanye hesabu hii. Chukua njia ya kilobiti 512 kwa sekunde, kama zile ambazo ofisi nyingi za vijijini zilikuwa nazo. Pakiti kubwa ya faili ina baiti 1,500, yaani biti 12,000, nayo huchukua milisekunde 23 na ushei kupita. Ikiwa pakiti kumi za namna hiyo zimetangulia, pakiti ndogo ya sauti yenye baiti 200 itangoja milisekunde 234 kabla haijaanza safari. Kikomo ni 150. Hakuna kilichoharibika, taa zote ni za kijani, na bado mtu wa upande wa pili anasikia maneno yanayokatika kama kuku anayedonoa mtama.

Dawa yake ilikuwa imeandikwa mapema, na asili yake ni ile ile karatasi ya simu ya maandishi. Kanuni za intaneti zilipotolewa mwaka 1981, kila pakiti iliwekewa biti 3 za daraja, na majina ya madaraja hayo yalitoka moja kwa moja katika simu za jeshi la Marekani: ya kawaida, ya haraka, ya papo hapo, na kuendelea juu. Simu za mezani za jeshi lile zilikuwa na safu ya nne ya vitufe, kando ya namba tulizozizoea, ili ofisa abonyeze cheo cha simu yake kabla ya kupiga. Mwaka 1998 biti hizo zikapanuliwa kuwa 6, na namba iliyokuja kuwa desturi ya sauti ni 46. Fundi akiona 46 juu ya pakiti anajua huyu ni abiria, si mzigo.

KAZI YA FUNDI

Ila namba haina nguvu yenyewe. Pakiti yaweza kufika ruta ikiwa na 46 kubwa usoni, na ruta isiyoelezwa chochote ikaipanga foleni nyuma ya mpira wa Ulaya. Hapa ndipo kazi ya kufunga na kupanga vyombo inapoanza, nami nitaieleza kwa kuwa ndiyo kazi ambayo baadhi ya vijana wetu wataifanya.

Jambo la kwanza ni kuamua nani anaruhusiwa kuvaa 46. Kompyuta yoyote yaweza kujiandikia namba hiyo. Mnakumbuka kiranja wa zamu alivyowapitisha wagonjwa mbele katika foleni ya chakula? Siku ya kwanza wagonjwa walikuwa watatu, wiki ya pili walikuwa bweni zima, mpaka akaanza kudai cheti cha zahanati. Swichi nzuri hufanya vivyo hivyo: pakiti ikitoka katika simu inayotambuliwa huachiwa namba yake, ikitoka kwingine hufutwa namba na kupewa sifuri.

Kisha foleni ya sauti huwekwa mbele ya zote, ihudumiwe kwanza kila mara. Lakini iwekewe ukomo, na wengi hupendekeza isizidi theluthi moja ya njia. La sivyo siku simu zikiwa nyingi hakuna kingine kitakachopita, hata ripoti ya maabara. Pamoja na hayo huwekwa mlinzi wa kuhesabu simu. Njia ikiweza kubeba simu 8, ya tisa ikataliwe mapema, kwani ukiikubali hutaharibu hiyo moja bali zote tisa. Kukataa ni kugumu kumweleza mteja, na kwa maoni yangu hapo ndipo wafungaji wengi hulegea.

Katika majengo, kama hospitali yenye simu zisizo na waya zinazotembea na wauguzi, tabu iko katika upepo wenyewe. Wai-fai ilirithi tabia ya watoto wa bombani. Kampuni ya Spectralink ya Boulder, Colorado, iliyotengeneza simu hizo kwa ajili ya hospitali na maghala, ilibuni njia yake kabla ya kuwapo kwa kanuni ya wote: chombo cha hewani kiitoe pakiti ya sauti bila kubahatisha muda wa kungoja, na kiiweke mbele ya foleni, na sanduku jingine pembeni lihesabu simu ngapi ziko katika kila chombo. Mwaka 2005 kanuni ya wote ikapatikana. Ndani yake kila anayetaka kusema hupiga kura ya kungoja, na data ya kawaida huchagua namba kati ya 0 na 15, sauti kati ya 0 na 3. Wakigongana, data hupanuliwa mpaka 1,023, sauti haizidi 7. Kura bado ipo, ila imepindishwa makusudi.

Katika minara ya fojii mambo yameandikwa kwa jedwali kamili. Sauti ina daraja namba 1, na bajeti ya kuchelewa milisekunde 100 na ruhusa ya kupoteza moja katika mia. Data ya kawaida iko namba 9, bajeti milisekunde 300, lakini upotevu uwe moja katika milioni tu. Nimekwisha kusema kwamba tabia zao ni kinyume. Sasa mnaziona kwa tarakimu. Simu isiyo na uwezo wa kupitisha sauti katika fojii hurudishwa mitambo ya zamani kila inapopigiwa, na ndiyo sababu intaneti yako hushuka unapoanza kuongea.

Liko na suala la mvua. Minara mingi ya vijijini huunganishwa kwa mawimbi mafupi ya redio toka mnara hadi mnara. Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya masafa ya juu, na vyombo vya kisasa hujipunguzia kasi ili visikatike kabisa. Njia ikipungua nusu, kitakachodondoshwa ni kile ambacho jedwali limekiweka chini. Jedwali likiwa halikuandikwa, kila kitu hudondoshwa ovyo. Nasi twajua kwamba mvua ile ile ndiyo inayojaza mito ya msimu na kukata barabara zetu.

Jaribio la kazi hii ni jepesi, wala halihitaji chombo cha bei. Fundi mmoja apakue faili kubwa mpaka njia ijae kabisa. Mwingine apige simu ahesabu moja hadi hamsini kwa mwendo wa kawaida. Upande wa pili waandike kila namba isiyosikika. Wengi hupima simu wakati njia ni tupu, asubuhi na mapema, wakasaini karatasi. Njia tupu haina foleni, kwa hiyo hakuna kilichopimwa.

SHINYANGA NA NAMBA 115

Mkoa wetu una nafasi yake katika historia hii. Mpango wa m-mama, wa kuwasafirisha kwa dharura wajawazito na watoto wachanga, ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, ndipo Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kwa nchi nzima mwaka 2022. Mama, jirani yake au mhudumu wa zahanati hupiga 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likiwapo hutumwa. Likiwa mbali, huitwa dereva wa jamii aliyekwisha andikishwa, naye hulipwa kwa simu.

Namba hiyo ni ya bure, na watu huishia hapo kuisifu. Lakini bure ni jambo moja, kutangulia ni jingine. Kwa mnara, simu ya bure ni simu kama nyingine mpaka mtu aandike vinginevyo katika jedwali. Anayepiga kutoka kijiji cha ndani ya Kishapu usiku wa mpira hupita katika upepo ule ule na watazamaji. Viongozi wetu wanapokagua minara mipya huuliza urefu na idadi ya vijiji vitakavyofikiwa. Ningefurahi siku moja mmoja wao aulize fundi: njia ikijaa, simu ya 115 iko foleni ya ngapi?

Simu hiyo ikishapita, hufika mahali ambapo sikutarajia historia itarudi. Katika chumba cha uratibu hukaa mtu mbele ya kioo, masikioni ana vipaza sauti, na mbele yake kuna orodha. Ni opereta. Yaweza kutokea kwamba simu mbili zimeingia pamoja na gari la karibu ni moja, na hilo hakuna jedwali la ruta linalolimaliza. Basi huuliza, kwa utaratibu, huku akiandika: mgonjwa yuko zahanati gani, mimba ina miezi mingapi, damu inatoka, imeanza saa ngapi, anaweza kuongea. Ndipo anampigia dereva.